Ukutani kuna jina la mtu mwingine

*Bibi, shikamoo.*

*Mimi ni mtoto wa tatu kati ya wanne, na ni binti pekee. Mama alitangulia, baba akafariki mwaka juzi. Wametuachia nyumba ya Upanga, ya chini, yenye baraza pana na banda la uani. Sote tumekulia humo. Sasa amepatikana mnunuzi anayetaka kuibomoa ajenge ghorofa, na kaka zangu wameridhia.*

*Tulipoanza kutoa vitu, fundi alikwangua rangi juu ya baraza, ikatokea 1957 na herufi za jina ambalo si letu. Kisha stoo nikakuta kifurushi cha barua za ndege kutoka Leicester, Uingereza, za kuanzia 1975 hadi 1983. Zimeandikwa kwa Kiswahili na mama mmoja anayejiita "dada yako R." Anauliza hali ya nyumba, anamshukuru baba kwa fedha alizompelekea shangazi yake Kisutu, na anataja siku watakaporudi. Baba alikuwa karani katika duka la mume wake. Sisi tuliambiwa siku zote kwamba baba aliinunua.*

*Nilimuuliza bibi jirani. Alinyamaza, kisha akasema: "Baba yako alikuwa mtu mwema, lakini waulize wakubwa zako." Baba mdogo ameniambia nisifukue makaburi. Kaka mkubwa anasema nataka kuwanyima riziki. Sitaki kumvunjia baba heshima, lakini usingizi sipati. Nifanye nini?*

*N.M., Upanga, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu N.M. Pole kwa kufiwa, na pole kwa mzigo ulioukuta stoo. Barua yako nimeifupisha hapo juu. Nimesoma pia nakala za barua tatu za R. ulizonitumia, nikazirudia. Nianze na neno la kukutuliza: hakuna hata mahali pamoja ambapo R. anamlaumu baba yako. Anamuuliza kama dari ya chumba cha nyuma bado inavuja. Anawataja kaka zako kwa majina. Anataka kujua kama mama yako amejifungua salama, na kwa tarehe ya barua ile nadhani mtoto huyo ni wewe. Mtu haandiki hivyo kwa mwizi wake. Kama kuna jambo halikukaa sawa, basi lilitokea baadaye, au halikutokea kabisa.

Miaka ile ilikuwaje

Huwezi kuzielewa barua hizo kwa macho ya leo. Kaa nikusimulie.

Upanga unayoijua ilikuwa mashamba ya minazi. Jina la Tambaza, ambalo leo watoto wanalijua kwa shule, ni la ukoo wa wenyeji waliokuwa na ardhi huko kabla ya kiwanja chochote kupimwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza ilipima viwanja hapo kwa ajili ya Wahindi, kwa sababu mji wa wakati ule uligawanywa kwa rangi: Wazungu Oyster Bay, Waafrika Kariakoo, Ilala na Magomeni. Mume wa R. alijenga 1957 kwa sababu Upanga ndiko alikoruhusiwa kujenga. Kwa hiyo ukisema unaitafuta historia ya nyumba, ujue kwamba haianzi na jina lile la ukutani. Chini yake kuna watu wengine ambao hawakuandika chochote.

Kisha ikaja 1971. Mwezi Aprili mwaka ule Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe hakulikalia lote lingeweza kuchukuliwa na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilikuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa 1990. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Mwalimu Nyerere na chama chake walikuwa na hoja yao, kwamba haiwezekani wachache waishi kwa kodi za nyumba katika nchi ya Ujamaa, na wapangaji wengi walishukuru. Lakini kwa familia iliyoweka akiba yake yote kwenye matofali, ule ulikuwa usiku mrefu. Watu walianza kuondoka kimyakimya kwenda Uingereza, Kanada, India.

Sasa angalia mtego uliokuwapo. Mwenye nyumba akiikalia mwenyewe, alibaki nayo. Akiondoka akaipangisha, alijiweka hatarini. Akiiacha tupu, mji haukuwa na nyumba za kutosha na macho yalikuwa mengi. Hivyo wengine waliuza upesi kwa bei yoyote iliyopatikana, na wengine walimwachia mtu waliyemwamini akae kama ndugu wa nyumba, bila mkataba, bila stakabadhi. Karani wa dukani, ambaye mmempa funguo za kasha la fedha kwa miaka mingi, ndiye mtu wa kuaminiwa.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalonifanya nisite. Miaka ile hukuweza kutoa shilingi nchini ukaipeleka Uingereza bila kibali cha Benki Kuu. Aliyeuza nyumba na kuhamia nje hakuwa na namna rahisi ya kuzipata fedha zake, kwa hiyo mara nyingi mnunuzi alimlipa jamaa aliyebaki, kidogo kidogo. Fedha alizopelekewa shangazi wa Kisutu zinaweza kuwa kodi ya nyumba. Zinaweza pia kuwa mafungu ya bei ya kununulia. Barua ni zile zile, shukrani ni zile zile, na maana zake ni mbili ambazo hazikai chumba kimoja. Mimi siwezi kuchagua moja kwa niaba yako, wala jirani hawezi, wala baba mdogo.

Hati iko wapi?

Mwanangu, umeniandikia kurasa nne. Umetaja baraza, banda, barua, jirani na mnunuzi. Hati hukuitaja hata mara moja.

Sidhani umeficha. Nadhani hakuna aliyewahi kukuonyesha. Basi kabla hujaenda kwa wazee wengine, nenda kwa Msajili wa Hati, toa namba ya kiwanja na kitalu, lipa ada, omba upekuzi. Ni haki ya mtu yeyote, huhitaji ruhusa ya kaka. Jibu litakuambia milki imesajiliwa kwa jina la nani, tangu lini, kwa muda gani, na kama kuna rehani au zuio. Kama namba ya kiwanja huijui, itafute kwenye risiti za kodi ya ardhi ambazo wazee wa umri wa baba yako hawakuzitupa.

Kwa sheria ya wakati ule, uhamisho wa milki haukuwa na nguvu bila kibali cha serikali. Kwa hiyo kama baba alinunua kwa njia halali, kunapaswa kuwa na maombi ya kibali yaliyosainiwa na pande zote mbili, na hati ya uhamisho iliyotaja bei na kulipiwa ushuru wa stempu. Karatasi hiyo moja itakupa usingizi, na itamfungulia baba mdogo mdomo bila kugombana. Ukikuta jina ni la Msajili wa Majumba au la Shirika la Nyumba, basi hadithi ni nyingine kabisa: baba alikuwa mpangaji, na hakuna mtoto anayeweza kuuza nyumba ya kupanga. Na ukikuta jina ni lile la ukutani, hapo ndipo tutazungumza sana.

Angalia pia muda wa hati. Viwanja vyetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kiwanja cha miaka ya 1950 huenda muda wake umekwisha, na kama umekwisha, mtu fulani alikwenda kuuhuisha au hakuna aliyekwenda. Mwenye kuhuisha alijitambulisha kama nani? Swali hilo lina jibu ndani ya jalada.

Kwa historia iliyobaki, ile ya watu na maisha, Upanga yenyewe ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina chumba cha vitabu na magazeti ya Afrika Mashariki. Vitabu vya simu vya miaka ya 1950 na 1960 huenda vikakuonyesha jina na duka. Jumuiya za Wahindi nazo, kila moja kwa dhehebu lake, zina kumbukumbu za ndoa, misiba na waliohama. Jina la ukutani litakuonyesha ubishe hodi wapi. Na bibi jirani mrudie. Aliponyamaza hakuwa amemaliza. Mpelekee sukari, kaa naye kutwa, usimuulize nyumba ni ya nani, muulize R. alikuwa mtu wa namna gani, nani alikuja siku wanaondoka, baba yako alihamia kutoka wapi. Mzee anayeogopa kutoa ushahidi hufurahi kusimulia.

Ukikuta aliuziwa

Hapa sina mengi. Mshukuru Mungu, fanyeni nakala, waonyeshe ndugu zako wote siku moja, muendelee na mirathi. Bei ikionekana ndogo mno, kumbuka nilichokueleza kuhusu haraka ya miaka ile. Waliouza kwa hofu waliumia, na walionunua hawakuwa wote wanyang'anyi. Hilo halitakuondolea hamu ya kumtafuta R. au watoto wake, wala lisikuondolee. Utamtafuta ukiwa huna deni.

Ukikuta aliachiwa

Hapa sasa nitasema kwa ukali kidogo, na nakuomba uvumilie.

Watakuja watu wa kukwambia kwamba miaka 12 ikipita kesi ya ardhi imekufa. Ni kweli sheria yetu ya ukomo inatoa miaka 12 kudai ardhi. Lakini mahakama zetu zimekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba aliyekaa kwa idhini ya mwenye mali hageuki mwenye mali kwa kukaa tu, hata akikaa miaka mingi. Mwangalizi ni mwangalizi. Na barua ulizonazo, kama maana yake ni kodi na uangalizi, ndizo zitakazosema hivyo.

Watakuja wengine wakwambie, hao ni Waingereza sasa, asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Nalo ni kweli kwa jumla, ndivyo sheria ya ardhi ya 1999 ilivyosema ilipotungwa. Lakini soma vizuri: sheria hiyo inawazuia wao, haiwapi ninyi. Ardhi isiyo na mwenyewe anayeruhusiwa kuwa nayo haiangukii mikononi mwa aliye karibu na mlango. Tena hujui kama wote walibadilisha uraia. Jamaa wa Kisutu huenda wako hapa hapa Dar na vitambulisho vyao vya Taifa.

Na sasa mfikirie mnunuzi. Mtu anayetia fedha za ghorofa Upanga ana wakili, na wakili huyo ataomba upekuzi ule ule ninaokutuma wewe. Jina likitoka la mwingine, biashara inavunjika siku hiyo, na kaka zako, kama watakuwa wamepokea malipo ya awali, watabaki wakieleza kwa nini. Atakayewashauri kutengeneza karatasi ya mauziano ya 1975 anawapeleka gerezani, hata kama ni baba yenu mdogo na hata kama anawapenda. Njia ya mwongo ni fupi. Hata kama mtapita salama, ghorofa litapanda, watauziwa watu wasio na habari, na siku mjukuu wa R. atakapokuja na nakala ya hati kutoka Leicester, familia thelathini zitaburuzwa mahakamani kwa kosa la watoto wanne.

Iko njia nyingine. Ni ndefu, lakini watu wameipita. Mtafuteni R. au warithi wake, mwambieni ukweli, mkae mpatane. Ninyi si mikono mitupu katika mazungumzo hayo. Baba yenu aliilinda nyumba ile wakati ambapo ingechukuliwa. Aliezeka, alipaka rangi, alilipa kodi ya ardhi na ya majengo miaka yote hiyo. Kusanyeni kila risiti, maana hizo ni haki yenu. Wapo warithi watakaosema, baki nayo, tulikwisha kuisamehe. Wapo watakaotaka mgawane. Wapo watakaotaka yote. Siwezi kukuahidi ni wepi utakaowakuta. Ila wakili wa ardhi awepo tangu mwanzo, na awe wenu, asiwe wa mnunuzi.

Kaka zako si adui

Kaka mkubwa amekwambia unawanyima riziki. Usimjibu kwa hasira. Pengine ana ada za shule shingoni, pengine amekwisha kuahidi fedha hizo mahali. Tena mfikirie kama mtoto: yeye alikuwa mkubwa zaidi yako wakati barua zinakuja. Huenda alimwona baba akizisoma. Huenda anajua, na amebeba hilo peke yake kwa miaka arobaini. Mwite pembeni kabla ya kikao cha ukoo, bila mashahidi, umuulize kwa upole ulioniulizia mimi.

Mkumbushe na hili, kwa kuwa halina ubishi: hakuna anayeweza kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi. Kama bado hamjafungua, kaka hana cha kusaini, na mnunuzi anayemharakisha anamdanganya. Msimamizi akiteuliwa ataapa kuorodhesha mali ya marehemu, na kiapo ni kiapo. Aorodheshe kilichokuwa cha baba.

Lakini nawe nikuonye. Usiende msibani au harusini ukatangaza kwamba baba aliishi katika nyumba ya watu. Hujui bado. Neno la kumchafua aliyekufa likishatoka halina upekuzi wa kulifuta. Na picha za barua zile usizitume kwenye makundi ya WhatsApp, hata la familia. Dar hii ina watu wanaoishi kwa kuzuka na hati bandia za uwakala wakidai wametumwa na warithi wa Kanada. Ukiwapa jina, mwaka, mtaa na mwandiko, umewaandalia kazi yote. Barua zitoe nakala, asili zihifadhi kwa wakili au benki, na asishike mtu mwingine.

Kuna kitu kimoja katika barua yako kilinigusa nikakiwekea alama. Umesema ungependa kuiandika historia ya nyumba kabla haijabomolewa, watoto wako wajue walitoka wapi. Ni nia nzuri. Fundi mzuie asikwangue tena mpaka upige picha za jina lote, mlango wa mbele, vigae vya barazani na banda la uani, kwa mchana wenye mwanga. Lakini huwezi kuandika habari za vigae ukaruka swali la mwenye vigae. Baba mdogo anaita kufukua makaburi. Mimi sioni kaburi hapo. Naona mama mmoja aliyeandika kwa miaka minane, akaacha 1983, na hakuna anayejua kwa nini. Labda alifariki. Labda aliambiwa neno. Labda bei ilimalizika kulipwa na hakukuwa na la kuandika tena. Historia uitakayo iko hapo, na hutaipata kwa kuogopa.

Wiki hii

Mnunuzi aambiwe asubiri, na msipokee hata shilingi. Upekuzi uombe mwenyewe, majibu yasomeni ndugu wanne kwa pamoja, baba mdogo akiwapo.

Yakionyesha jina la baba au la ukutani, vyovyote vile, mwandikie R. kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha. Anwani ya zamani si kizuizi. Waliohamia nyumba ile ya Leicester huenda wanaijua familia yake, na jumuiya yake ya Dar inaweza kukupa anwani mpya. Iandike kwa mkono, kwa Kiswahili, kama alivyoandika yeye. Usianze na nyumba. Anza kwa kumwamkia, jitambulishe kwamba wewe ndiye mtoto ambaye kuzaliwa kwake alikuulizia, mpe habari kwamba mama na baba wamefariki, kila mmoja na mwaka wake, kwa sababu kama yu hai hakuna aliyempelekea taazia. Mwambie umekuta barua zake na kwamba baba hakuitupa hata moja. Halafu ndipo umuulize, wazi, bila kuzunguka: walipatana nini na baba? Namba yako ya simu iweke mwisho, pamoja na ya kaka mkubwa, yeye akiwa amekubali.